Rekebisha kwenye tawi kongwe, kisha panda nalo juu

Kuna hitilafu niliyoirekebisha mara mbili, na ile ya pili ilinitia aibu. Programu yetu ya ankara ilikuwa inadondosha senti za kodi badala ya kuzifikisha kwenye shilingi iliyo karibu. Nikaweka sawa mistari mitatu kwenye tawi la toleo 2.4 (tawi ni mkondo wa msimbo unaoendelezwa peke yake), ikajaribiwa, ikawafikia wateja usiku uleule. Tukaja kutoa 2.5 kutoka tawi kuu, senti zikaanza kupotea upya. Mimi nilidhani mwenzangu ameyapeleka marekebisho huko, naye alidhani nimeyapeleka mimi.

Tangu hapo nafuata utaratibu ulio kwenye mwongozo wenyewe wa Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), ukurasa wa gitworkflows: rekebisha kwenye tawi kongwe kuliko yote linalohitaji marekebisho hayo na bado linahudumiwa, kisha unganisha kwenda juu. 2.4 iingie 2.5, 2.5 iingie tawi kuu. Faida yake ni kwamba amri moja inakupa jibu:

git log main..release/2.4

Huorodhesha komiti, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa, zilizo kwenye tawi la 2.4 lakini hazipo kwenye main, tawi kuu. Isipotoa kitu, hakuna komiti iliyoachwa nyuma. Ukizoea cherry-pick, yaani kunakili komiti moja moja kutoka tawi hadi tawi, huupati ukaguzi huo, kwa sababu kila nakala hupewa kitambulisho kipya na Git huiona ni komiti nyingine kabisa.

Watu wa Linux hufanya kinyume: marekebisho yaingie kwanza kwenye tawi la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ndipo yanakiliwa kwenye matoleo ya zamani. Ila wao wana watunzaji wa kazi hiyo, na kila nakala hutaja kitambulisho cha komiti ya asili. Ukilazimika kunakili, angalau weka cherry-pick -x, inayoandika kitambulisho hicho.

Kero inayobaki ni faili la namba ya toleo, ambalo hugongana kila ukiunganisha, kwa kuwa kila tawi lina namba yake. Mimi huibadilisha namba kwa komiti ya peke yake, kisha papo hapo naipandisha kwa git merge -s ours: Git inaandika kwamba tawi limeunganishwa, lakini haichukui chochote kutoka humo. Hakikisha tu hakuna komiti nyingine inayosubiri, na usiichanganye na -X ours, ambayo hupendelea upande wako penye mgongano tu. Nimeshuhudia mtu akitumia -s ours kumaliza mgongano wa faili moja. Marekebisho manne yakamezwa, na ile git log yangu ikatoka tupu, shwari kabisa.