Lumbesa sio "utaratibu wa soko" tu

Huku kwetu Uyole, Njombe hadi Kilolo wengi tunaamini lumbesa, yaani gunia la viazi lililojazwa kupita kiasi hadi likawa na kilemba juu, ni desturi ya soko, na mkulima hapotezi kitu maana bei imepangwa kwa gunia. Inaeleweka kabisa, ukiona jirani zako wote wanajaza hivyo na dalali anakwambia bila kilemba hauzi, utajaza tu.

Ila sheria ya vipimo Tanzania inasema mazao ya shambani yasifungashwe zaidi ya kilo 100, kwahiyo mazoea hayaifanyi lumbesa iwe halali. Na hasara ipo: tuseme gunia ni 60,000, likiwa na kilo 100 umeuza kilo kwa 600, likiwa na 130 umeuza kama 461, yaani kilo 30 zimeenda bure, na mbolea yake, na vibarua wake, hii inauma jamani.

Kuhakikisha ni rahisi, pima gunia moja kwenye mizani yenye stika ya ukaguzi ambayo haijaisha muda halafu gawa bei kwa kilo, ukiweza mfanye wakulima kadhaa kwa pamoja kabla fuso halijafika shambani.