LC-MS haitoi majina

Ombi ni lile lile tena: "Dokta, weka tu kwenye LC-MS itupe majina ya uchafu uliomo." Itupe majina!

LC-MS ni mashine ya kutenganisha kemikali kwenye kimiminika na kupima tungamo zake; haijui jina la kitu chochote. Kolamu, yaani mrija, inatenganisha, chanzo kinazipa molekuli chaji ziwe ioni, spektrometa inapima uwiano wa tungamo kwa chaji. Basi. Jina unaloliona kwenye skrini ni programu imechungulia maktaba yake ikachagua kinachokaribia, na alama ya 92 haimaanishi uhakika wa asilimia 92.

Sampuli tupu kwanza, tafadhali, yaani isiyo na bidhaa yenu. Ioni ya 391.28 ambayo watu huniletea kama ugunduzi mara nyingi ni ftaleti, kemikali ya kulainisha plastiki, kutoka kwenye plastiki za maabara yao wenyewe. Ngazi ya ioni zinazopishana kwa 44.03 ni etoksileti, labda sabuni mliyooshea chupa. Kama bidhaa yenyewe ni sabuni, basi hongera, mmegundua bidhaa yenu.

Halafu kuna kuhesabu ioni. Mteja anaona tatu, anaandika uchafu wa aina tatu. Angalia muda wa kutoka kwenye kolamu! Molekuli moja hubeba protoni, hubeba sodiamu, hata hushikana na asetonitrili ya kiyeyushi. Ioni mbili zikitoka pamoja, vilele vyake kwenye grafu vina umbo moja, na tofauti ni 21.98, karibu kila mara hicho ni kitu kimoja, hapa na protoni, pale na sodiamu.

Hapo ndipo wateja hunijibu: "Lakini mashine yetu ina desimali nne." Sawa, tuzitumie. NDMA, kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani iliyofanya dawa ya presha valsartan irudishwe kutoka madukani mwaka 2018, ikibeba protoni husomeka 75.0553. DMF ni kiyeyushi cha kawaida kiwandani, husomeka 74.0600, kwa hiyo mtu haihofii. Ila sehemu ndogo ya DMF ina nitrojeni-15, aina ya nitrojeni iliyo nzito kidogo, na hiyo husomeka 75.0571. Tofauti ni 0.0018. Vikitoka kwenye kolamu karibu karibu, na dirisha lako la tungamo, yaani tofauti unayoivumilia, likiwa pana, DMF inahesabiwa kuwa NDMA. Si nadharia: mwaka 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilieleza kwamba maabara moja binafsi ilipata NDMA nyingi kupita kiasi kwenye dawa ya kisukari metformin kwa sababu hiyo hiyo. Desimali zilikuwepo.

Na fomula ikiwa sahihi kabisa, bado kuna isoma, molekuli zenye fomula moja ila mpangilio tofauti. Kloroanilini zipo tatu, zote C6H6ClN, na zinavunjika kwa namna inayofanana mno. Kati ya ngazi tano za uhakika zilizopendekezwa mwaka 2014, ya juu huifikii bila sampuli rejea, yaani kemikali halisi inayojulikana ya kulinganishia. Ndiyo maana ripoti zangu husema "kloroanilini, nafasi ya klorini haijathibitishwa", na wateja hununa. Wanunue rejea.

Kuhusu kiasi, sina raha hata na namba zangu mwenyewe pale rejea isipokuwepo. Amini, kemikali za jamii ya amonia, hupokea protoni kwa urahisi, kilele chake kinapaa hata ikiwa chembe tu. Toluini kwenye kinyunyizio cha umeme, chanzo cha kawaida cha LC-MS, haionekani kabisa. Yaweza kuwa imejaa kwenye chupa nami nikaona mstari mnyoofu. Hiyo peleka GC, mashine inayotenganisha kemikali zikiwa gesi.