Ardhi ya bure Nebraska: soma kwanza kabla hujatuma hela

Hizi meseji zinazozunguka kwenye magrupu, eti Nebraska, jimbo la Marekani, ukikuta nyika haina mtu unaandikishwa ekari 640 bure, zimekuwa nyingi mno na kila siku tunaulizwa ofisini. Tunajua mnauliza kwa nia njema. Sheria hiyo ilikuwepo kweli, inaitwa Kinkaid, ya mwaka 1904, ila serikali kuu ilishaacha kugawa ardhi hivyo tangu 1976, Alaska peke yake ndo ikaongezewa miaka 10. Basi.

Halafu Sandhills, hiyo nyika ya Nebraska mnayosema haina mtu, ina wenyewe. Ni vilima vya mchanga, kama kilometa za mraba 50,000, vimeshikiliwa na nyasi tu, nyasi zikiondoka upepo unachimba shimo na shimo linazidi kupanuka. Waliopewa zile ekari wakajaribu kulima, wengi wakashindwa wakawauzia wenye ranchi. Hata wakulima Weusi waliofungua DeWitty, kaunti ya Cherry, kuanzia 1907, walikomaa miaka mingi lakini kufika mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji hakipo tena. Ng'ombe mmoja na ndama wake pale anataka ekari zaidi ya 10 kwa mwaka, piga hesabu mwenyewe hizo 640 zinakulisha ng'ombe wangapi.

Sasa utaratibu. Hati zinasajiliwa kaunti, sio Washington, unaenda jengo la kaunti na namba za eneo (sio jina la barabara), unaangalia mmiliki ni nani, kuna mkopo gani, kuna kodi gani haijalipwa, maana deni la kodi linabaki na ardhi halimfuati aliyeuza. Na ile hati ambayo muuzaji anaachia tu haki yake "kama anayo" haikuhakikishii chochote, kama hakuwa nayo umenunua hewa.

Kuingia kwenye ardhi ya mtu "kuangalia tu" bila ruhusa ni kosa daraja la tatu, faini mpaka dola 500 au jela mpaka miezi 3 au vyote, ukiambiwa toka ukagoma linapanda daraja la pili, dola 1,000 na miezi 6. Kibao sio lazima, uzio nao unaweza kuhesabika kama onyo. Huu sio ushauri wa kisheria, kathibitishe na kaunti husika.

Viwanja vya bure vipo kwenye vimji vichache, ni vya kujenga nyumba, tena ndani ya muda waliokupangia. Ulizia ofisi ya mji wenyewe, sio huyo aliyekutumia meseji.