Kidukari hatafuni jani: dhana potofu kuhusu wadudu wafyonzaji

Jani limejikunja, chini yake vidukari wamejaa tele, na wa kwanza kuliona atasema wadudu wanalitafuna. Kidukari hana cha kutafunia. Ana mrija mwembamba kuliko unywele, ambao huupenyeza taratibu kati ya seli na seli mpaka aufikie mshipa unaosafirisha sukari, yaani floemu. Njiani hutoa mate yanayoganda na kuuzunguka mrija kama ala.

Wengi pia hudhani anavuta kwa nguvu. La, utomvu wa floemu una shinikizo kubwa, hivyo mrija ukishaingia, utomvu hupanda wenyewe. Watafiti huitumia hali hiyo: hukata mrija mdudu akiwa anakula, na kipande kilichobaki kwenye mmea huendelea kutoa matone ya utomvu safi. Wenye kazi ya kuvuta ni nyenje, pamoja na wale wadogo wanaojificha ndani ya povu jeupe kwenye mashina. Hawa hunywa maji ya zailemu, yaani mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini, na maji hayo huvutwa juu na majani, kwa hiyo wana misuli minene kichwani ya kushindana na mvuto huo.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba utomvu ni chakula kamili, eti ndiyo maana vidukari huongezeka upesi. Sukari imo tele, lakini asidi amino muhimu za kujengea mwili ni haba mno. Kinachomwokoa kidukari ni bakteria waitwao Buchnera, wanaoishi ndani ya seli maalumu mwilini mwake na kumtengenezea asidi hizo. Mama huwarithisha watoto kabla hawajazaliwa, na ushirika huu umedumu zaidi ya miaka milioni 100. Ukiwaua bakteria kwa antibiotiki, vidukari hudumaa na uzazi huporomoka, ingawa utomvu wanao ule ule.

Hata kwa msaada huo, uchache wa nitrojeni, kijenzi cha asidi amino, humlazimu kidukari kunywa utomvu mwingi, na sukari ya ziada hutoka nyuma. Yale majimaji yanayonata juu ya majani, basi, si mmea unaovuja. Ni choo cha mdudu! Sisimizi huyafuata, na ukungu mweusi huota juu yake. Ukungu huo nao husingiziwa kulila jani, kumbe unakula sukari tu. Kosa lake ni kulizibia mwanga.

Wapo wanaoumwagia mmea mbolea ya nitrojeni ili upate nguvu ya kuwashinda vidukari. Mara nyingi asidi amino huongezeka kwenye utomvu, na vidukari huzaana zaidi.