Futiboli ya vyuo Marekani: kutoka ridhaa hadi kulipwa

Futiboli ya vyuo ni ile futiboli ya Kimarekani, ya mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa kofia ngumu, inayochezwa na wanafunzi wa vyuo vikuu. Tukisema imegeuka mchezo wa kulipwa, maana yake ni pana kuliko mchezaji kupewa fedha. Mchezo wa kulipwa una alama zake: timu humlipa mchezaji kwa bei ya soko, mchezaji ana uhuru wa kuhama, kuna mikataba na mawakala, kuna meneja anayepanga bajeti ya kikosi, na kuna chama cha wachezaji kinachokaa mezani na waajiri. Futiboli ya vyuo sasa ina karibu alama zote hizo isipokuwa ya mwisho. Kwa maoni yangu, kukosekana kwa hiyo ya mwisho ndiko kunakozaa sehemu kubwa ya vurugu tunazozisikia.

Kwa zaidi ya karne moja mchezo huu uliitwa wa ridhaa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilizaliwa mwaka 1906 baada ya vijana kadhaa kufa uwanjani na Rais Theodore Roosevelt kuwaita wakuu wa vyuo kuzungumzia usalama. Fedha za chini ya meza zilikuwepo tangu zamani. Ripoti ya wakfu wa Carnegie ya mwaka 1929 ilikuta vyuo vingi vikiwalipa wachezaji kwa njia moja au nyingine. Mwaka 1956 NCAA iliruhusu rasmi vyuo kuwasomesha vijana bure kwa sababu ya kipaji chao cha michezo. Mchezaji akapata ada, chakula na malazi, na kila kilichozidi hapo kikawa kosa.

Kuna tukio la miaka hiyo ambalo kila anayetaka kuelewa mgogoro wa leo anapaswa kulijua. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo kidogo cha Fort Lewis huko Colorado, aliumia kichwani mchezoni akafariki. Mjane wake aliomba fidia ambayo sheria humpa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya Colorado ilimkatalia: marehemu hakuwa mfanyakazi wa chuo. Katika miaka hiyohiyo NCAA, chini ya kiongozi wake Walter Byers, ilianza kutumia jina “mwanafunzi-mwanamichezo” katika kila waraka. Byers mwenyewe alikuja kukiri baada ya kustaafu kwamba jina hilo lilibuniwa kukwepa madai ya aina hiyo ya fidia. Msingi wa ridhaa, basi, ulijengwa pia juu ya hofu ya kumwita mchezaji mfanyakazi.

Fedha nazo hazikusubiri. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba NCAA haiwezi kuhodhi haki za matangazo ya televisheni, na kuanzia hapo vyuo na ligi zao vikauza mechi vyenyewe. Leo ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, inalipa wastani wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka kwa ajili ya michuano ya kumpata bingwa wa taifa peke yake. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000. Texas A&M ilipomfukuza kocha Jimbo Fisher mwaka 2023, mkataba uliitaka imlipe zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke. Hadi mwaka 2021 kijana aliyekuwa akivunjika goti mbele ya umati kama huo hakuruhusiwa hata kuuza jezi yake mwenyewe.

Ukuta ulianguka kwa hatua. Mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria ya kumruhusu mwanamichezo wa chuo kunufaika na jina na sura yake. Juni 2021 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa kwa kauli moja katika kesi ya Alston, iliona kwamba NCAA haiko juu ya sheria za kuzuia ukiritimba. Jaji Brett Kavanaugh alieleza waziwazi kwamba hakuna biashara nyingine nchini humo inayoweza kukubaliana kutowalipa wafanyakazi bei ya haki kwa hoja kwamba bidhaa yenyewe maana yake ni kutowalipa. Siku chache baadaye, Julai 1, haki ya jina na sura ikafunguliwa nchi nzima.

Wazo la awali lilikuwa tangazo la duka la magari au ukurasa wa Instagram. Muda si mrefu matajiri wanaoshabikia vyuo waliunda vikundi vya kuchanga fedha, na fedha hizo zikawa mshahara kwa jina lingine. Uhamisho nao ulilegezwa: tangu 2021 mchezaji aliweza kuhama mara moja bila kukaa nje ya uwanja mwaka mzima, na tangu 2024 anahama mara nyingi atakavyo, mradi masomo yake yako sawa. Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka anaielewa picha hii haraka, ila kuna tofauti kubwa: kwa muda mrefu hapakuwa na ada ya uhamisho wala mkataba wenye nguvu wa kumfunga mchezaji. Aprili 2025 Nico Iamaleava, aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Chuo Kikuu cha Tennessee, aliachana na timu katikati ya mvutano ulioripotiwa kuhusu malipo, akaenda chuo cha UCLA.

Hatua kubwa kuliko zote ni ya Juni 6, 2025. Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maridhiano ya kesi ya House, na tangu Julai 1 mwaka huo vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, ukomo ukiwa kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Pia zilitengwa takribani dola bilioni 2.8 za kuwalipa waliokosa haki zao miaka ya nyuma, zitolewe kwa miaka kumi. Kesi hiyo inabeba jina la Grant House, muogeleaji wa Arizona State. Hata hivyo karibu robo tatu ya fidia ilipangiwa wachezaji wa futiboli, na vyuo vingi vikubwa vimefuata uwiano wa namna hiyo katika malipo mapya. Wanamichezo wanawake waliikatia rufaa sehemu ya fidia, wakisema inakiuka sheria ya usawa wa kijinsia katika elimu ya mwaka 1972. Nadhani hoja yao ina uzito.

Sasa vyuo vina mameneja wakuu wa vikosi kama timu za NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa. Stanford ilimpa kazi hiyo Andrew Luck, nyota wake wa zamani, mwaka 2024. Ligi nazo zimepangika upya kwa kufuata fedha za televisheni. UCLA ya Los Angeles iko ligi moja na Rutgers ya New Jersey, karibu kilomita 4,000 kutoka kwao, na Stanford iliyo jirani na Bahari ya Pasifiki inacheza katika ligi yenye jina la Atlantiki. Ndege za kukodi huipunguzia timu ya futiboli adha hiyo. Msichana wa voliboli mwenye mtihani Jumatatu hana bahati hiyo kila mara.

Turudi kwenye alama inayokosekana. Katika NFL ukomo wa mishahara ni halali kwa sababu wachezaji wenyewe waliukubali kupitia chama chao, katika mkataba wa hali bora unaowapa angalau asilimia 48 ya mapato. Ukomo wa vyuo umekokotolewa kama asilimia 22 ya wastani wa aina fulani za mapato ya vyuo vikubwa, na umetoka kwa mawakili na jaji. Hakuna chama cha wachezaji kilichousaini. Ndiyo maana kila kanuni mpya inaweza kupelekwa mahakamani kesho yake. Wachezaji wa Northwestern walijaribu kuunda chama mwaka 2014, na afisa wa bodi ya serikali inayosimamia mahusiano ya kazi akakubali kwamba ni wafanyakazi, kwani msimu ulipokuwa ukiendelea walitumia saa 40 hadi 50 kwa wiki kwenye futiboli. Mwaka uliofuata bodi yenyewe ilikataa kulisikiliza suala hilo. Viongozi wa vyuo wamekuwa wakilishawishi Bunge la Marekani liwape kinga ya kisheria na litamke kwamba mchezaji si mwajiriwa. Mimi naona njia ya haki ni nyepesi kuliko wanavyoionyesha: wakubaliane na wachezaji kama waajiri wengine wanavyofanya.

Mustakabali wa jambo hili unatugusa pia huku kwetu. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma na kukimbia katika chuo cha Texas El Paso, na Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon. Katika vyuo vingi vikubwa riadha haijitegemei, hubebwa na mapato ya futiboli. Dola milioni 20 zikielekezwa kwa wachezaji wa futiboli na mpira wa kikapu, mkurugenzi wa michezo huangalia kwanza wapi pa kukata, na tayari vyuo kadhaa vimefuta timu za michezo midogo. Maridhiano hayo pia yameweka ukomo wa idadi ya wanamichezo kwa kila timu.

Kuna na suala la visa. Visa ya mwanafunzi, F-1, inabana sana kazi ya malipo, na hivyo wageni wengi wamebaki pembeni wakati wenzao wakilipwa. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, aliyetajwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky, alitumia safari ya timu kwenda Bahamas kufanya kazi za matangazo, kwa sababu kuzifanya ndani ya Marekani kungehatarisha visa yake. Mzazi ambaye mwanawe ameitwa na chuo cha Marekani kwa ajili ya mbio aulize mambo matatu kabla ya kusaini: ufadhili huo umeahidiwa kwa miaka mingapi, nini kitatokea timu ikifutwa, na chuo kina mwanasheria wa uhamiaji anayewasaidia wanamichezo wageni? Majibu ayapate kwa maandishi.