Red Guardian si baba yake Natasha

Tangu filamu ya Black Widow itoke mwaka 2021, wengi wameshikilia kwamba Red Guardian, yule shujaa wa Kisovieti, ndiye baba mzazi wa Natasha Romanoff, yaani Black Widow mwenyewe. Hata kwenye filamu yenyewe sivyo: mle ni jasusi aliyepangiwa kuigiza ubaba huko Ohio, Marekani, na mama naye wa kuigiza. Ukifungua vitabu vya katuni vilivyozaa filamu hiyo ndiyo utashangaa. Red Guardian, jina lake halisi Alexei Shostakov, ni mumewe Natasha.

Alijitokeza mwaka 1967 katika toleo la 43 la Avengers, mfululizo wa vitabu vya katuni, hadithi ya Roy Thomas, michoro ya John Buscema. (Wala hakubuniwa Moscow, kama wengine wanavyodhani, ni mtoto wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni ya New York.) Alikuwa rubani wa majaribio. Natasha aliambiwa mumewe amekufa katika ajali ya roketi, kumbe KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, wamemficha wakimfunza awe jibu lao kwa Captain America, shujaa wa Kimarekani. Dawa ya kumwongezea nguvu hakupewa. Ni mazoezi tu. Silaha yake mimi hunichekesha kidogo: kisahani kilichokaa kama bizimu ya mkanda. Anakirusha, kinapiga, sumaku inakirudisha kiunoni.

Katika toleo la 44 mambo yanaisha upesi. Kanali Ling, ofisa wa Kichina, anafyatua bunduki, Alexei anajitia mbele kumkinga adui yake, Captain America, na risasi inampata yeye. Natasha akafiwa na mume yuleyule mara ya pili.