Mashimo ya madirisha ya besimenti: dhana potofu kuhusu vifuniko na maji ya mvua

Madirisha ya besimenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi, mara nyingi huwa chini ya usawa wa ardhi. Ili yapate mwanga na hewa, nje ya kila dirisha huchimbwa shimo, aghalabu la nusu duara, likazungushiwa ukuta wa bati, plastiki au zege. Mvua kubwa ikinyesha shimo hilo likajaa, maji hupenya kwenye fremu, na asubuhi zulia la chini limelowa chepechepe. Mwenye nyumba hukimbilia kununua kifuniko. Hajakosea, kwa sababu kifuniko kina kazi yake. Ila mengi yanayosemwa kuhusu vifuniko hivi hayasimami hata kwa hesabu ndogo, na machache kati yake ni ya hatari.

“Maji yanayojaza shimo ni mvua inayoangukia humo humo”

Hapa ndipo zinapozaliwa karibu dhana nyingine zote, kwa hiyo tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Shimo la kawaida lina uwazi wa takriban mita 1 ya mraba, pengine pungufu. Mvua ya milimita 25, ambayo si mchezo, itamwaga humo lita 25 tu. Zikitandazwa kwenye sakafu ya shimo hazizidi kina cha sentimita 2.5. Dirisha lililowekwa juu kiasi kutoka sakafu hiyo halitaguswa.

Sasa tazama paa. Upande mmoja wa paa wenye mita 50 za mraba hukusanya lita 1,250 katika mvua hiyo hiyo. Gata likiwa limeziba kwa majani, maji hayo humwagika ukingoni, chini kabisa ya ukuta, na madirisha yako hapo hapo. Bomba la kushushia maji likiishia kwenye kona ya nyumba, hatua mbili tatu kutoka shimoni, matokeo hayatofautiani sana: maji huzama kando ya msingi, hupita nyuma ya ukuta wa bati, kisha huibukia ndani ya shimo kwa chini. Huko juu kifuniko kinafanya kazi yake barabara, na besimenti inalowa.

Jambo la tatu ni mteremko wa ardhi. Nyumba ikijengwa, udongo uliochimbwa kwa ajili ya msingi hurudishwa kando ya kuta. Miaka inavyokwenda udongo ule hushindiliwa na uzito wake na maji, hutitia, na ardhi iliyokuwa ikiinamia nje huanza kuinamia nyumbani. IRC, kanuni za ujenzi wa makazi zinazofuatwa sehemu kubwa ya Marekani, hutaka ardhi ishuke angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Ubao mrefu na pimamaji vinatosha kukuonyesha kama nyumba yako bado iko hivyo.

Kwa hiyo utaratibu wa kazi ni huu: safisha magata, peleka mdomo wa bomba la kushushia maji mbali na msingi, angalau mita moja na nusu na ikiwezekana mita tatu, jaza udongo palipotitia, ndipo ufikirie kifuniko. Wauzaji wa vifuniko hawana sababu ya kukueleza hivyo.

Na kifuniko kina faida gani basi? Shimo lililo chini ya ukingo wa paa lisilo na gata linakihitaji sana, na vivyo hivyo ukuta unaopigwa na mvua ya upepo. Lakini kwa maoni yangu faida yake kubwa ni kuzuia majani na takataka. Majani yaliyooza ndiyo yanayoziba njia ya maji chini ya shimo, na shimo lililoziba hujaa hata kwa mvua ya wastani.

“Kokoto za chini hunywa maji”

Kokoto hazinywi kitu. Zinachofanya ni kuacha nafasi kati ya jiwe na jiwe, na nafasi hizo kwa jumla ni kama asilimia 40 ya ujazo wote. Tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 30 kwenye shimo la mita 1 ya mraba litahifadhi lita 120 hivi. Baada ya hapo, kila kitu kinategemea kilicho chini yake.

Kichanga hupitisha zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa. Udongo wa mfinyanzi hupitisha milimita 1 hadi 5. Chukua hata hiyo 5: mita moja ya mraba itapoteza lita 5 kwa saa, maana yake lita zile 120 zitahitaji siku nzima, usiku na mchana, kuondoka. Mvua ya pili ikija jioni hiyo hiyo itakuta chombo kimejaa. Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye mashimo ya aina moja na kokoto zilezile, zinaweza kupata matokeo tofauti kabisa.

Penye udongo mzito dawa ni bomba. Huanzia chini ya kokoto, mdomo wake ukiwa na kichujio, na kuteremka hadi kwenye mabomba yenye matundu yaliyolazwa kuzunguka msingi. Kutoka hapo maji huenda mahali pa chini zaidi au kwenye kisima kidogo chenye pampu. Kanuni za IRC zinataka shimo la dirisha liunganishwe hivyo na mfumo wa kuondoa maji ya msingi, isipokuwa pale ambapo udongo wenyewe hupitisha maji vizuri, kama mchanga au mchanganyiko wa mchanga na changarawe.

Bomba nalo si malaika. Pampu inayotegemea umeme husimama umeme ukikatika, na dhoruba zina tabia ya kuukata umeme wakati ule ule maji yanapokuwa mengi. Tena, bomba likiwa limeunganishwa na mfereji wa mtaa uliozidiwa, maji yanaweza kurudi nyuma na kupanda shimoni kutoka chini. Hapo kifuniko hakina la kufanya.

“Dirisha likiwa zima, shimo likijaa si neno”

Dirisha hutengenezwa lihimili upepo na mvua inayolipiga kisha ikateremka, si maji yaliyosimama na kulisukuma kwa saa kadhaa. Dirisha la upana wa sentimita 80 na urefu wa sentimita 50, maji yakilifikia ukingo wa juu, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Kioo kikistahimili, mpira wa pembeni hautastahimili. Na kioo kisipostahimili, maji huingia kwa mkupuo.

Hili lina upande wa kutisha zaidi. Tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya kimbunga Ida yaliinyeshea New York, na kipimo cha Central Park kikaandika takriban milimita 80 kwa saa moja. Watu 13 walikufa mjini humo, 11 kati yao wakiwa kwenye makazi ya besimenti. Katika mvua ya namna hiyo hakuna kifuniko kinachookoa nyumba, kwani maji huja kutoka barabarani na milangoni. Swali linalobaki ni kama aliyelala chini ana njia ya kutoka.

“Kifuniko salama ni kile kilichokazwa kwa skrubu kisifunguke”

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Katika vyumba vingi vya kulala vya besimenti, dirisha na shimo lake ndiyo njia ya pili ya kutokea moto unapozuka ngazini, na ndiyo njia ya mzima moto kuingilia. Vipimo vya IRC vinaonyesha uzito wa jambo lenyewe: uwazi wa dirisha la dharura usipungue mita za mraba 0.53, shimo lenyewe lisipungue mita za mraba 0.84 huku upana wake na umbali wake kutoka ukutani vikiwa angalau sentimita 91, na shimo lenye kina cha zaidi ya mita 1.12 liwe na ngazi ya kudumu. Kifuniko kinaruhusiwa, lakini ni lazima kifunguke kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa, na bila nguvu kupita ile ya kufungua dirisha lenyewe.

Anayekaza skrubu huwa anawaza mwizi au upepo. Anayeweka jiwe au chungu cha maua juu ya kifuniko ili kisipeperuke anafanya kosa lile lile bila kujua. Theluji nayo ikirundikana inaweza kukilemea, kwa hiyo palipo na theluji ifagiliwe. Viko vifuniko vyenye bawaba na kamba au kitasa cha kuvutia kutoka ndani, navyo hushika vizuri dhidi ya upepo. Baada ya kukifunga, mwite aliye mdogo au dhaifu kuliko wote wanaolala chini, mwache asimame shimoni akifungue mwenyewe. Akishindwa, hicho si kifuniko chake.

“Kikibana kabisa ndivyo kinavyofaa”

Watu huchukua silikoni wakaziba kingo zote. Unyevu unaotoka kwenye udongo hauna tena pa kwenda. Hugeuka matone upande wa ndani wa kifuniko, hudondokea fremu, na fremu ya mbao huanza kuoza huku kuvu ikijitokeza. Kifuniko kizuri huachia hewa pembeni au kina matundu yaliyokingwa, huku maji yakiteremka kwenda nje.

Kabla ya hayo yote, chungulia ukutani. Kama bomba la kutolea moshi wa hita ya gesi au boila hufungukia ndani ya shimo hilo, usilifunike kwa chochote. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ikikosa pa kutokea itarudi nyumbani. Mwite fundi wa gesi alihamishe bomba kwanza. Tundu la mashine ya kukaushia nguo pia halitakiwi kuzibwa, ingawa lenyewe shida yake kubwa ni joto na unyevu, na kama mashine ni ya gesi, hatari inakuwa ile ile.

“Grili inatosha”

Inatosha kwa mtoto asianguke na kwa mnyama mkubwa. Kwa mvua, haizuii hata tone. Wanaotaka vyote viwili hulaza bamba linalopitisha mwanga juu ya grili, na mpangilio huo ni mzuri mradi vyote viwili vifunguke kutoka ndani.

“Plastiki ni plastiki”

Akriliki inang'aa na haichujuki upesi juani, lakini ikipigwa na tawi au mpira hupasuka. Polikaboneti hupinda badala ya kupasuka, ila isiyokingwa dhidi ya miale ya jua hugeuka njano na kuwa dhaifu baada ya miaka kadhaa. Kwa mahali watu wanapopita, polikaboneti nene juu ya fremu ya chuma au alumini ndiyo chaguo langu, na muuzaji aeleze kwa kilo ni uzito gani inahimili. Kuhusu hofu ya giza: bamba jipya la polikaboneti angavu hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Linaloleta giza ni vumbi na ukungu wa kijani, na hivyo huondoka kwa kitambaa laini na maji ya sabuni.

Plaiwudi na turubai ni vya dharura ya usiku mmoja. Mbali na kuleta giza, hukuficha yanayoendelea shimoni.

“Vifuniko vyote hulingana na mashimo yote”

Pima upana kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, si wa ndani. Pima pia umbali kutoka ukutani hadi sehemu ya mbele kabisa ya shimo. Kifuniko kipite ukingo kidogo kila upande, na upande wa ukutani uwe juu zaidi ili maji yakimbilie mbele.

Ukingo wa shimo wenyewe uwe umesimama kama sentimita 10 juu ya udongo. Ukipata bustani inayoongezewa mbolea na matandazo kila mwaka, aghalabu utakuta udongo umeshapanda ukafikia ukingo, na maji yanatiririkia ndani kwa raha zake chini ya kifuniko. Hapo kinachotakiwa ni koleo.

Kipimo rahisi cha yote haya ni maji yenyewe. Siku ya jua, mimina maji shimoni hadi yazifunike kokoto. Yakizama ndani ya dakika chache, njia iko wazi. Yakisimama, ondoa kokoto, zioshe, zibua mdomo wa bomba, urudishe. Kisha chukua mpira wa maji ulowanishe ardhi umbali wa mita moja kutoka shimoni kwa nusu saa, ukitazama kiungo cha bati na ukuta wa msingi. Maji yakijitokeza hapo, boliti zimelegea au bati limeachana na ukuta, na pengo hilo lizibwe kabla ya kuagiza kifuniko.